Nimepata daftari la mapishi la zamani duka la chariti, keki ya Victoria imegoma kuumuka, nisaidieni

Tini_Tatu ameandika:

Habari za jioni wadau wa jikoni. Niko huku Uingereza mwaka wa pili sasa na nimekolea kabisa na vitu vyao vya kuoka, zile keki za chai, skonzi, shortbread (biskuti nene za siagi), basi kila wikiendi najaribu kimoja.

Jumamosi niliingia duka la chariti, yale ya mitumba ya kuchangia misaada, karibu na kazini kutafuta koti la mtoto. Koti sikupata. Ila chini kabisa ya shelfu ya vyombo kulikuwa na boksi, ndani yake tini tatu za keki za bati zile fupi, bakuli kubwa la udongo nje rangi ya mchanga ndani jeupe, kibao cha mbao cha duara kimechongwa ua la mbigili katikati, na daftari dogo la jalada jekundu limefungwa kwa raba bendi. Vyote pauni 6. Nililipa haraka haraka nikatoka kabla hawajabadilisha mawazo.

Daftari lote limeandikwa kwa mkono, wino wa bluu, kurasa zingine zimegandana kwa mafuta inabidi uzifungue taratibu na kisu. Ukurasa wa Victoria sandwich, ile keki ya vipande viwili yenye jamu katikati, ndo mchafu kuliko zote, pembeni kuna alama ya kidole gumba imekauka na siagi, nikajua tu mwenye daftari hii ndo alikuwa anaipika mara kwa mara. Nikasema naanza na hii. Maelezo yenyewe ni haya tu: 6 oz S.R., 6 oz marg, 6 oz C. sugar, 3 eggs, Reg 4, 25 mins. Basi. Hakuna changanya hiki na kile, hakuna chochote.

Nilivyofanya ni hivi, ounsi 6 nimetafuta ni gramu 170. S.R. sikuielewa nikaweka unga wa ngano wa kawaida. Sukari nikaweka ya chai. Marg nikaweka ile ya kopo ya kupaka mkate, yenye mafuta pungufu. Reg 4 nilimuuliza jirani, mama mmoja mtu mzima, akasema hiyo ni namba ya jiko la gesi na ni sawa na digrii 180, oveni yangu ni ya umeme yenye feni nikaweka 180. Nikagawa tini mbili dakika 25 kama alivyosema.

Imetoka bapa, haifiki unene wa kidole. Pembeni kahawia imekauka kama biskuti, katikati imekaza kama raba na karatasi ya chini imelowa mafuta. Nimeumia kusema kweli, maana nilitamani sana nile kitu ambacho huyo mama alikuwa anakula.

Maswali yangu: nimekosea wapi? Kile kibao cha mbigili ni cha kazi gani? Na vyombo vya zamani hivi ni salama kweli kupikia, maana tini moja ina kutu na bakuli lina mistari midogo midogo ndani kama utando wa buibui. Alafu kuna ukurasa mwingine umeandikwa 2 dried eggs, mayai makavu ni yapi hayo?

---

Mizani_Kwanza ameandika:

Dada pole, na hongera kwa boksi, kwa pauni 6 umeokota dhahabu. Nina miaka kama kumi naoka kwa madaftari ya namna hii, nikikuta sanduku la vitabu chariti huwa naanza kuchungulia chini kabisa maana hayo madaftari huwa hayapangwi mbele. Makosa yako ni ya mtu asiyejua vifupisho tu, mikono yako haina shida. Ngoja nikuchambulie.

S.R. ni self-raising, yaani unga ambao baking pauda imeshachanganywa humo tangu kiwandani. Waingereza wameuzoea mpaka kwenye daftari wanaandika herufi mbili tu wanaendelea. Aliyeuanzisha ni mwokaji wa Bristol anaitwa Henry Jones, akapata hataza 1845, na shida aliyotaka kutatua ni ya mabaharia, walikuwa wanakula biskuti ngumu za melini miezi na miezi, akataka wapate mkate laini hukohuko baharini. Kwaiyo wewe umetoa kitu kinachoumusha keki nzima. Kanunue mfuko ulioandikwa self-raising, kila supamaketi upo. Ukiwa na unga wa kawaida tu ndani, gramu 150 tia vijiko viwili vya chai vya baking pauda, vya kusawazisha sio vya mlima, uchekeche pamoja mara mbili.

C. sugar ni sukari ya kasta, chembe zake ni ndogo kuliko za sukari ya chai. Hapa naomba unisikilize vizuri maana watu wengi wanapita hapa haraka. Ukipiga sukari na siagi, zile chembe zinakwaruza mafuta na kuingiza viputo vidogo vya hewa, ndo maana mchanganyiko unakuwa mweupe na mwepesi. Baking pauda ikiingia kwenye oveni haitengenezi kiputo kipya, inapuliza vile ambavyo wewe umeshaviweka. Usipopiga vya kutosha haina cha kupuliza. Kwaiyo siagi iwe laini ya kubonyea kwa kidole ila isiwe inang'aa wala kuyeyuka, piga na sukari dakika 5 kwa mashine, kwa mwiko hata 10 na mkono uume kidogo, mpaka rangi igeuke kabisa kutoka njano kuwa karibu nyeupe. Kama huna kasta saga sukari ya chai kwenye blenda sekunde chache tu, usizidishe ikawa vumbi.

Marg ya kwenye daftari ni margarini ya kipande, mafuta yake ni asilimia 80 kwenda juu sawa na siagi. Ile ya kopo yenye mafuta pungufu kiasi kikubwa ni maji, ndo raba uliyoiona hiyo. Soma kopo, ikiwa mafuta hayafiki 60 kwa 100 iache ikae na mkate.

Oveni. Reg ni Regulo, hicho ni kidhibiti joto kilichokuwa kwenye majiko ya gesi ya chapa ya New World tangu miaka ya 1920, jina likabaki midomoni kwa watu kwaiyo utakuta Reg, Regulo, Mark, zote ni namba zilezile. 3 ni 160 hadi 170, 4 ni 180, 5 ni 190, 6 ni 200, 7 ni 220. Jirani yako yuko sahihi, ila hiyo 180 ni ya oveni isiyo na feni! Ya feni unapunguza 20. Wewe ulikuwa unapika kwenye joto la namba 6 bila kujua, ndo maana pembeni pameungua.

Mwisho chukua rula upime tini zako kwa ndani. Mayai 3 ni ya tini mbili za inchi 7, sentimita 18. Zikiwa za inchi 8, eneo la chini linaongezeka karibu theluthi moja, keki inakuwa nyembamba na inakauka. Za inchi 8 zinataka mayai 4 na ounsi 8, yaani gramu 225 kila kitu.

Na ukishazoea achana na namba kabisa. Weka mayai matatu na maganda yake kwenye mizani, uzito utakaoona ndio uzito wa siagi, ndio wa sukari, ndio wa unga. Zamani walihesabu yai moja ni ounsi 2, leo hilo ni yai la saizi ya kati, la saizi kubwa linafika mpaka gramu 73. Ukipima na maganda hutahangaika na saizi wala mwaka lilipoandikwa daftari.

---

Fundi_wa_Mitumba ameandika:

Mizani kamaliza upande wa keki, mi naongelea vyombo maana nusu ya jikoni kwangu ni chariti.

Tini yenye kutu: kutu ya juu juu sio shida, sugua na stiliwaya kavu, osha, ifute, alafu iweke kwenye oveni yenye joto dogo dakika 10 ikauke mpaka kwenye mikunjo ya pembeni maana maji yanajificha pale, kisha pakaa mafuta kidogo sana kwa karatasi. Na siku zote weka karatasi ya kuokea. Kama kutu imeshakula bati mpaka ukiinua kwenye mwanga unaona vitundu, hiyo pandia maua tu. Zile nyeusi zisizogandisha ambazo rangi inabanduka usinunue hata wakikupa bure.

Bakuli: liweke juu ya vidole vitano limekaa huru, ligonge ukingoni na kifundo cha kidole. Likilia kama kengele ni zima. Likitoa sauti iliyokufa, kama umegonga ubao, lina ufa hata kama huuoni. Hii fanya dukani kabla ya kulipa, mimi nagonga kila bakuli na wahudumu wa pale wameshanizoea. Yale ya mchanga nje na jeupe ndani, aina ya Mason Cash waliokuwa wanafinyanga huko Derbyshire, ni vyombo vya kazi, yale mapambo ya nje yanasaidia mkono ushike usiteleze. Ila ya kwako umesema ina utando wa buibui kwa ndani, maana yake glezi, ule utando wa kung'aa kama kioo, imepasuka, unyevu na mafuta ya siagi yanaingia kwenye udongo na hutayatoa kwa kuosha. Mi lingekuwa langu ningeliweka mayai au matunda, nisingechanganyia.

Vyombo vilivyopakwa marangi makali kwa ndani, nyekundu, machungwa, vya miaka hiyo, vingine glezi yake ina madini ya risasi, ni sumu. Weka kwenye kabati vipendeze tu.

Na vya umeme kuwa makini. Mwaka jana nilinunua mikisa kubwa ya chuma ya zamani kwenye mnada ule watu wanauzia mitumba kwenye buti za magari yao, nzuri inang'aa, nikaiwasha kwa ajili ya keki ya bethidei ya mwanangu, dakika ya nne ikafuka moshi wa harufu mbaya jiko zima. Fundi akaniambia ni kapasita zimezeeka, akabadilisha na mpaka leo inafanya kazi, ila siku ile nililia. Ukinunua mtambo wa zamani uupeleke kwanza kwa fundi, na kama unanunua chariti uliza kama wameupima usalama wa umeme, mengi ya maduka yanayouza vya umeme yanapima na kubandika stika.

---

Chai_Saa_Kumi ameandika:

Jamani kibao cha mbigili!! Nimetafuta hicho miaka mitatu.

Hicho ni cha shortbread ya Uskoti dada, mbigili ni ua lao. Usikiingize kwenye oveni, ni cha kutolea umbo tu. Kipimo chake hata hakihitaji daftari, ni moja, mbili, tatu: sukari moja, siagi mbili, unga tatu. Kwa kibao cha saizi ya sahani ndogo chukua sukari ya kasta gramu 50, siagi 100, unga 150, huu sasa ni unga wa kawaida usiweke tena S.R. Kati ya hiyo 150 mi natoa gramu 25 naweka unga wa mchele, ndo unaoleta ule mchanga mchanga mdomoni. Siagi iwe siagi kweli, hapa ladha yote ni siagi, hakuna pa kujifichia.

Usikande kama mkate. Unakusanya tu mpaka ishikane, ukizidisha inakuwa ngumu. Nyunyiza unga wa mchele kwenye kibao uingie kwenye kila mchongo alafu kigonge ule uliozidi udondoke, bonyeza donge kwa kiganja mpaka lijae sawasawa, weka friji nusu saa. Kisha kigeuze juu ya trei na kigonge ukingo wa kibao mezani mara moja kwa nguvu. Mara ya kwanza ikitoka na lile ua limesimama, kila jani linaonekana, utakaa unaliangalia. Chora mistari ya kukatia kabla ya kuoka, toboa na uma, digrii 150 kama feni iwe 130, dakika 40 hivi. Itoke rangi ya mchanga tu, ikiwa kahawia umechelewa. Kata tena ikiwa bado ya moto.

Kibao usikiloweke majini, kisafishe na brashi kavu.

---

Ukurasa_wa_Mwisho ameandika:

Hayo mayai makavu ni unga wa mayai wa enzi za Vita vya Pili vya Dunia, na hapo umepata kitu cha maana kuliko boksi zima.

Mgao wa chakula ulianza hapa Januari 1940 kwa siagi, sukari na nyama ya nguruwe ya kukaushwa, ukaendelea kupanuka. Mayai mabichi mtu mzima alipata moja kwa wiki, na hata hilo sio kila wiki. Kwaiyo serikali ikaleta mayai ya unga kutoka Marekani, pakiti moja ilihesabika kama mayai 12. Kijiko kimoja cha mezani cha unga na viwili vya maji ndo yai moja. Vita viliisha 1945 lakini mgao haukuisha, sukari iliachiwa 1953, na kila kitu kikawa huru Julai 1954. Yaani kuna mtoto alizaliwa mgao unaanza akafika miaka 14 ndo unaisha.

Ndo maana utaona kwenye madaftari hayo keki ya matunda isiyo na yai hata moja, wanaumusha kwa siki na magadi soda, au keki inayotiwa karoti ili ipate utamu. Angalia kama kurasa za mbele ni za namna hiyo na za nyuma zinaanza kuwa na siagi nyingi na mayai 3 na 4. Ukiona hivyo unajua huyo mama alianza kuandika wakati wa mgao akaendelea baada ya vitu kupatikana. Ile Victoria yenye alama ya kidole iko ukurasa wa ngapi?

Ukitaka kuijaribu yenye mayai makavu tumia mayai mabichi ya kawaida mawili, inakubali.

---

Raspiberi ameandika:

Naongezea moja, Victoria ya kweli ndani ni jamu ya raspiberi na juu ni sukari ya kasta iliyonyunyizwa, hakuna krimu hakuna aising. Akina mama wa Women's Institute, chama kilichoanza hapa Uingereza 1915 kule Anglesey, Wales, kwenye mashindano yao ukiweka krimu wanakukata maksi. Mi nyumbani naweka krimu na napenda, ila kwa kuwa unamfuatilia mwenye daftari ijaribu kwanza bila.

Kuhusu siagi dhidi ya margarini natofautiana kidogo na waliotangulia. Daftari limesema marg, tumia margarini ya kipande. Inachukua hewa vizuri kuliko siagi na keki inakuwa nyepesi zaidi, ladha ndo inapungua. Fanya nusu kwa nusu.

---

Tini_Tatu ameandika:

Wapendwa nimerudi, samahani kwa kuchelewa nilikuwa zamu za usiku.

Nimepima tini kwa rula, ni inchi 8! Kwaiyo kila kitu Mizani alichosema kilikuwa kimenikuta kwa pamoja. Leo asubuhi nimepima mayai manne na maganda, gramu 241. Nikapima margarini ya kipande na siagi nusu kwa nusu, kasta, na unga wa self-raising, vyote 241. Nimepiga kwa mwiko maana mashine sina, kwenye bakuli la plastiki, lile la utando wa buibui sasa lina machungwa mezani. Nilihesabu dakika 12. Dakika ya nane nilitaka kuacha, bado njano, nikakumbuka "mkono uume kidogo" nikaendelea, kwenye ya kumi hivi ikabadilika mbele ya macho yangu ikawa nyeupe na mwiko ukawa mwepesi. Sijawahi kuiona hiyo maisha yangu yote, siku zote nilikuwa naishia njiani.

Yai nimeweka moja moja, la tatu mchanganyiko ukaanza kukatika katika nikatia kijiko cha unga ukarudi. 160 kwa feni. Dakika 20 sikufungua mlango, nimekaa chini nachungulia kwenye kioo, nikaona inapanda taratibu mpaka ikavuka ukingo wa tini. Dakika ya 24 nikaibonyeza katikati ikarudi. Imetoka mbili sawasawa, rangi moja mpaka pembeni, jamu ya raspiberi ndani, kasta juu. Nimempelekea jirani kipande, akakila kimya kimya, kisha akaniuliza kama ninaweza kumwonyesha hilo daftari.

Ukurasa_wa_Mwisho, Victoria iko ukurasa wa 31. Tumelifungua na jirani pale mezani kwake, kuanzia mwanzo mpaka wa 18 ni kama ulivyosema kabisa, mayai makavu, siki, karoti, marg ounsi 2. Ukurasa wa 19 ni skonzi, na maziwa ameandika 1 gill, jirani anasema ni robo painti.

---

Mizani_Kwanza ameandika:

Dada nimefurahi mpaka nimemsomea mume wangu. Kuvuka ukingo wa tini kwa mwiko mtupu!

Gill moja ni mililita 142, painti ya hapa ni 568, usichukue ya Marekani ni ndogo, ni 473. Ukiona dsp humo ni kijiko cha kitindamlo, mililita 10, sawa na vijiko viwili vya chai. Kwenye skonzi hizo donge liwe na unene wa kama sentimita 2 na nusu, na ukikata na kikombe kishushe wima ukipandishe wima, usikizungushe, ukizungusha unaziba pembeni na zinapanda upande mmoja. Namba 7, kwa feni 200, dakika 10 hadi 12.

---

Tini_Tatu ameandika:

Asante, nimeandika. Skonzi Jumapili na jirani, yeye ni wa Devon anasema krimu inatangulia kwenye skonzi ndo jamu juu, ila rafiki yake anayekuja naye ni wa Cornwall, huko jamu ndo kwanza, kwaiyo ntaweka vyote mezani kila mtu ajipakie. Kesho ni zamu ya kibao, unga wa mchele ninao na siagi nimeitoa friji. Chai_Saa_Kumi ua likitoka zima ntakuletea picha hapa.